Darasa Halikamiliki kwa Kuezekwa: Samani na Vitabu vya Shule za Sofala baada ya Kimbunga Idai

Taarifa zinazotolewa baada ya maafa huhesabu madarasa yaliyoanguka, na ripoti za ujenzi mpya huhesabu madarasa yaliyoezekwa, lakini kati ya hesabu hizo mbili lipo jambo ambalo aghalabu halina safu yake katika jedwali, nalo ni vile vitu vinavyolifanya jengo lenye kuta nne kuwa mahali pa kufundishia: madawati, meza na kiti cha mwalimu, ubao, kabati lenye kufuli, vitabu, chaki na rejesta ya mahudhurio. Wataalamu wa elimu huvigawa vitu hivyo katika mafungu mawili, yaani samani, ambazo hukaa darasani miaka mingi, na vifaa vya kufundishia, ambavyo hutumika vikaisha. Katika jamii yenye uwezo, pengo la vitu hivi huzibwa na wazazi ndani ya muhula mmoja au miwili. Katika jamii maskini iliyokwisha kupoteza nyumba, mavuno na mifugo, pengo hilo linaweza kudumu kuliko athari nyingine zote za maafa, kwa kuwa mpita njia anayeona bati jipya likimetameta hana namna ya kujua kwamba chini ya bati hilo watoto wameketi sakafuni. Mkoa wa Sofala, katikati ya Msumbiji, uliopigwa na kimbunga Idai mwezi Machi 2019, ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu hali ya shule zake ilikuwa ngumu hata kabla ya upepo kufika.

Idai kilitua nchi kavu karibu na jiji la bandari la Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na mvua iliyoandamana nacho ikaifurisha mito ya Buzi na Pungwe hadi mabonde yake yakageuka ziwa. Watu zaidi ya 600 walifariki nchini Msumbiji pekee, na wengine mamia wakafariki Zimbabwe na Malawi. Kwa upande wa elimu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, liliripoti kwamba madarasa zaidi ya 3,400 yalikuwa yameharibika au kubomoka kabisa, na masomo ya watoto zaidi ya 300,000 yamekatizwa. Majira yenyewe yaliongeza hasara, kwani mwaka wa shule wa Msumbiji huanza mapema katika mwaka wa kalenda, na kwa hiyo kimbunga kilizikuta shule zikiwa ndiyo kwanza zimeandikisha wanafunzi na kuanza masomo.

Namna darasa linavyoharibika katika kimbunga inaeleza kwa nini vilivyomo ndani hupotea hata pale kuta zinaposalimika. Upepo mkali unapopita juu ya paa hulivuta bati kwenda juu, na upepo huohuo ukiingia kwa dirisha lililovunjika huongeza msukumo kutoka chini, hivyo msumari uliopigiliwa kwenye papi, yaani mbao nyembamba zinazobeba mabati juu ya kenchi, huchomoka, na bati moja likishang'oka mengine hufuata. Shule inabaki na kuta zake, lakini iko wazi kwa mvua ya siku kadhaa, na mvua hiyo ndiyo inayoozesha vitabu, kufumua mbao laini zilizogandishwa kwa gundi, na kufuta rejesta zilizoandikwa kwa wino. Upotevu wa rejesta huonekana mdogo, ingawa kwa utawala wa shule ni pigo kubwa, kwa kuwa mtoto aliyehama na familia yake kwenda kambini hana karatasi nyingine ya kuonyesha alikuwa darasa la ngapi.

Juu ya hasara ya upepo na maji hufuata hasara ya matumizi. Shule ndizo mara nyingi majengo ya umma yenye nafasi na ya kuaminika zaidi kijijini, na kwa hiyo baada ya Idai nyingi ziligeuzwa vituo vya kuwahifadhi waliokosa makazi. Hakuna mwalimu mwenye utu anayeweza kuufunga mlango usoni mwa mama mwenye mtoto mchanga. Hata hivyo, familia kadhaa zinapoishi katika chumba kimoja kwa wiki nyingi, vyoo hujaa, na pale kuni zinapokosekana au zinapokuwa mbichi kwa mvua, dawati ndilo lililo karibu. Miongozo ya elimu katika dharura inashauri kwamba samani zikusanywe kwanza katika chumba kimoja na kufungiwa kabla ya shule kupokea watu, ushauri mwepesi kuuandika na mgumu kuutekeleza usiku wa mafuriko.

Msaada wa kwanza kufika kwa kawaida huwa ni sanduku. UNICEF husambaza kile kinachojulikana kama shule ndani ya sanduku, yaani kasha la alumini lenye vifaa vya kumtosha mwalimu mmoja na watoto 40: madaftari, penseli, vifutio, mikasi, saa ya mbao ya kufundishia kusoma wakati, vipande vya kuhesabia, mabango ya herufi na ya namba, pamoja na rangi nyeusi ambayo, ikipakwa kwenye mfuniko wa kasha, huugeuza mfuniko kuwa ubao. Chimbuko la wazo hili liko karibu na wasomaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Vifurushi vya aina hiyo vilitumiwa na UNESCO na UNICEF nchini Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha mwaka 1994 vikatumika kwa wingi nchini Rwanda na katika kambi za wakimbizi wa Rwanda wilayani Ngara, mkoani Kagera nchini Tanzania, ambako watoto walifundishwa kwa zamu huku vifaa vilevile vikihudumia makundi mawili. Sanduku limeundwa lisiegemee mtaala wa nchi yoyote, jambo linaloliwezesha kusafirishwa popote kwa haraka, na ndilo pia linaloweka mipaka yake: vifaa vyake vimekusudiwa kutosha kwa takribani miezi mitatu, havina kitabu cha kiada cha nchi husika, na mtoto wa Sofala, ambaye nyumbani huzungumza Kisena au Kindau na shuleni hutarajiwa kusoma Kireno, hawezi kufika mbali kwa mabango ya herufi peke yake.

Mahema ya shule, ambayo makubwa yake yana mita za mraba 72, hufika pamoja na masanduku. Joto la ndani mchana ni kali, kitambaa huchanika juani, na sakafu huwa ni turubai lililotandikwa juu ya udongo, hivyo hema halina budi kuchukuliwa kuwa kivuko cha miezi michache. Tatizo ni kwamba kivuko hicho hugeuka kuwa makazi pale fedha za ujenzi zinapochelewa.

Dawati linastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo ghali kuliko vingine vilivyomo darasani na ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Mtoto anayeketi sakafuni huandika akiwa ameliweka daftari juu ya paja au amejikunja kulifikia chini, mgongo humuuma, mwandiko wake hukua vibaya, na kichwa cha aliye mbele humzibia sehemu ya chini ya ubao. Msichana aliyevaa sketi hutumia sehemu kubwa ya usikivu wake kuangalia namna alivyokaa. Mwalimu naye hukosa njia ya kupita kati ya wanafunzi, na kwa hiyo husahihisha madaftari ya waliokaa mbele tu. Sakafu ya saruji iliyofurika maji hubaki na unyevu muda mrefu, na ile ya udongo huzalisha vumbi na funza. Katika darasa la watoto 45, ambao ndio ukomo uliowekwa kwa shule za msingi nchini Tanzania, madawati 15 ya watoto watatu watatu yanatosha, lakini katika sehemu kubwa ya Msumbiji mwalimu mmoja wa shule ya msingi huwa na wanafunzi zaidi ya 60, na hesabu hiyo hupanda pale shule mbili zinapounganishwa kwa kuwa moja imesombwa na maji.

Vipimo vya dawati vinafuata mwili wa mtoto. Kiti chenye urefu unaofaa kina takribani robo ya kimo cha anayekikalia, ili nyayo zake zifike chini bila paja kubanwa, na meza ina takribani sehemu mbili kwa tano za kimo hicho. Kwa mtoto wa miaka sita mwenye kimo cha sentimita 115, kiti kinatakiwa kiwe na sentimita 29 hivi, ilhali kwa kijana wa sentimita 155 kinatakiwa kikaribie sentimita 39. Hapa ndipo hali halisi ya Msumbiji inapowatatiza wapangaji, kwa sababu shule nyingi za nchi hiyo huendeshwa kwa zamu mbili, na baadhi kwa zamu tatu, yaani makundi tofauti ya wanafunzi hupokezana chumba kilekile asubuhi na mchana; dawati lililopimwa kwa ajili ya wadogo wa asubuhi linawabana wakubwa wa mchana, na lile la wakubwa linawaacha wadogo wakining'iniza miguu. Suluhisho linalotumika ni kuchagua kimo cha kati na kuongeza papi ya kuegemeza miguu karibu na sakafu, papi ambayo kwenye zabuni zinazotazama bei peke yake ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Msumbiji si nchi iliyokosa mbao. Katika misitu yake, ikiwemo ya Sofala na majirani zake Manica na Zambézia, imo mikongo, ambayo pwani huitwa mibambakofi, na imo mininga, miti ambayo kila seremala wa Tanzania huijua na kuitamani. Vilevile Manica ina mashamba ya misindano iliyopandwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya magogo ya miti migumu ilisafirishwa ng'ambo, hususani China, kiasi cha serikali kupiga marufuku usafirishaji wa magogo yasiyopasuliwa kuanzia Januari 2017, na miezi michache baadaye kuendesha msako ulioitwa Operação Tronco, ambapo maghala ya wafanyabiashara wa mbao yalikaguliwa na kiasi kikubwa cha magogo kikataifishwa. Uamuzi wa kutumia sehemu ya magogo hayo kutengenezea madawati ya shule ulipokewa kwa furaha, na ulistahili, kwa maana ulikiri hadharani aibu ya nchi inayouza mkongo nje huku watoto wake wakiketi chini. Lakini gogo si dawati: kati yake kuna kiwanda cha kupasulia, miezi ya kukausha, ujira wa mafundi na nauli ya lori hadi shule ya mbali, gharama ambazo haziondoki kwa sababu tu mbao imepatikana bure.

Tanzania ilipitia mtihani wa madawati unaofanana na huo karibu na wakati huohuo. Baada ya ada kuondolewa mwanzoni mwa 2016 na watoto kufurika madarasani, wakuu wa mikoa walitakiwa wamalize upungufu wa madawati ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huo, Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi yake, na kazi ya kutengeneza ikapewa Jeshi la Kujenga Taifa na Jeshi la Magereza. Wiki kumi baada ya tarehe hiyo ya mwisho, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipiga Kagera, na miongoni mwa majengo yaliyoharibika vibaya zilikuwamo shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, zilizolazimika kufungwa kwa muda. 

Swali la nani atengeneze madawati ndilo linalotenganisha msaada unaojenga uchumi wa waathirika na ule unaouruka. Shirika linaloagiza samani kutoka ng'ambo hupata vitu vya kipimo kimoja, kwa tarehe inayojulikana, na hati zinazomridhisha mkaguzi wa hesabu. Seremala wa wilaya ya Dondo au Nhamatanda mkoani Sofala, kwa upande mwingine, huenda hana akaunti ya benki ya biashara, hana leseni iliyosajiliwa kwa usahihi, na randa yake huenda iliondoka na maji. Ila akipewa malipo ya awali, mchoro wenye vipimo na dawati moja la mfano la kuigiza, fedha hubaki wilayani, vijana wawili watatu hupata kazi, na, jambo lenye uzito kuliko yote, mguu wa dawati ukivunjika baada ya mwaka yupo mtu anayejua namna ya kuurekebisha. Hatari ya njia hii haifai kufichwa. Mbao mbichi iliyopasuliwa juzi na kuundwa leo hupinda na kupasuka ikikauka, na haraka ya maafa huwashawishi wote wawili, mnunuzi na fundi, wasingoje. Viungo vilivyopigiliwa misumari mitupu hulegea ndani ya muhula, wakati vile vya ulimi na tundu, vinavyochukua muda mrefu zaidi, hudumu. Na msindano usiotiwa dawa huliwa na mchwa. Madawati ya bomba la chuma hukwepa mchwa, lakini katika ukanda wa Beira, ambako hewa ina chumvi ya bahari, bomba jembamba lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu huanza kuliwa kwenye maungio ya welding, mahali ambapo uzito wa watoto watatu huangukia.

Ubao ni habari fupi yenye faraja. Ukuta uliopigwa lipu laini ya saruji na kupakwa rangi nyeusi isiyong'aa hutoa ubao wa bei ndogo, usioibika, usiochomwa kuwa kuni na usioogopa maji, na kinachohitajika ni rangi mpya kila baada ya muda pamoja na kuhakikisha kwamba haukabiliani na dirisha, kwa kuwa mwanga unaorudi machoni hufanya nusu ya wanafunzi wasisome lolote.

Vitabu ni tatizo la aina nyingine. Serikali ya Msumbiji hugawa vitabu vya kiada vya shule za msingi bila malipo, mpango ambao kwa watoto maskini ndio tofauti kati ya kuwa na kitabu na kukosa, lakini uchapaji wake hufuata kalenda ya mwaka, na shehena iliyokwisha kufika shuleni ikilowa mwezi Machi haina mbadala ulio tayari ghalani. Kutokana na hali hii, kabati la darasa au la ofisi ya mwalimu mkuu lina thamani kubwa kuliko bei yake: likiwekwa juu ya jukwaa la matofali linalopita alama ya mafuriko ya zamani, na vitabu vikafungwa ndani ya mifuko ya nailoni mara tu mamlaka ya hali ya hewa inapotoa tahadhari, sehemu kubwa ya hasara ya vitabu kama ile ya 2019 inaweza kuepukwa kwa gharama ndogo. Vimbunga vya Mfereji wa Msumbiji huonekana siku kadhaa kabla ya kutua, tofauti na tetemeko, na siku hizo ni mtaji ambao shule chache zimefundishwa kuutumia.

Haya yote hayana maana chini ya paa litakalong'oka tena. Kabla ya Idai, serikali ya Msumbiji ikishirikiana na UN-Habitat, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane ilikuwa imeandaa kanuni za shule salama, zinazoigawa nchi kwa kanda za upepo, mafuriko na matetemeko, na kuagiza mambo ambayo fundi wa kawaida anaweza kuyatekeleza: lenta inayozunguka jengo zima, kenchi zilizofungwa kwenye lenta hiyo kwa vyuma, papi zilizokaribiana zaidi, skrubu badala ya misumari, na upenu mfupi usioupa upepo mahali pa kushika. Madarasa yaliyojengwa kwa kanuni hizo yaliripotiwa kustahimili Idai vizuri kuliko mengine. Kwa msingi huo darasa lililo salama linafaa kutazamwa kuwa bima ya samani zake, na gharama ya skrubu ilinganishwe na gharama ya madawati, vitabu na rejesta vitakavyolowa, badala ya kulinganishwa na bei ya misumari tu.

Tathmini iliyofanywa baada ya Idai na kimbunga Kenneth kilichokifuata ilikadiria kwamba ujenzi mpya ungehitaji dola za Marekani bilioni 3.2, na mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2019 ukapata ahadi za takribani bilioni 1.2. Pale fedha zinapokuwa chini ya nusu ya mahitaji, kila sekta hupunguza, na ndani ya sekta ya elimu kinachopunguzwa kwanza ni kile kisichozinduliwa kwa kukata utepe. Bajeti ya darasa ikitenganishwa na bajeti ya samani, ya kwanza hupata mfadhili na ya pili hubaki ikingoja awamu ijayo. Mikataba michache iliyoandikwa kwa busara huchukulia kwamba darasa halijakabidhiwa mpaka madawati yamo ndani, na ingekuwa vyema kama sharti hilo lingekuwa la kawaida kwa kila mjenzi na kila mfadhili.

Kenneth kilitua mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi, tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai, kikaharibu Macomia na kisiwa cha Ibo, ukanda ambao wenyeji wake wa pwani huzungumza Kimwani, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili. Huko kazi ya kurudisha samani ilikutana na vita vilivyoanza mwaka 2017, na shule zilizokwisha kukarabatiwa zikaachwa tena na wanafunzi waliokimbia. Sofala nayo haikupewa nafasi ya kupumua: dhoruba ya kitropiki Chalane ilipita Desemba 2020 na kimbunga Eloise kikatua karibu na Beira tarehe 23 Januari 2021, wakati ambapo shule zilikuwa bado hazijafunguliwa kwa sababu ya korona, na madarasa ya muda ya turubai yakawa ya kwanza kuondoka.

Kwa matengenezo ya kila siku, shule za msingi za Msumbiji hutegemea ruzuku ndogo inayotumwa moja kwa moja kwa shule na kusimamiwa na baraza la shule, chombo chenye wazazi, walimu na wawakilishi wa jamii, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Ruzuku hiyo hununua chaki, madaftari ya watoto wasiojiweza na makopo ya rangi, na katika shule iliyopokea madawati ya seremala wa karibu inatosha pia kununua skrubu, gundi na siku moja ya kazi yake. Katika shule iliyopokea madawati ya chuma kutoka mbali, ambayo kuyarekebisha kunahitaji mashine ya welding na umeme, baraza hulazimika kuyarundika nyuma ya jengo yakisubiri gari la wilaya.